Nani Ameshika Kipanya?

SWALI: Ninafundisha kompyuta katika sekondari ya kutwa mkoani Morogoro. Nina kompyuta 9 kwa wanafunzi 45. Wavulana ndio wanaozitumia, wasichana huishia kuandika maelezo daftarini. Tulimwalika mhamasishaji azungumze na wasichana, lakini hali haikubadilika. Je, niwatengee kipindi chao?

JIBU: Mwalimu, kabla ya kutenga kipindi, chukua karatasi na saa. Kila baada ya dakika 2, andika ni mkono wa nani ulio juu ya kipanya katika kila kompyuta. Nimefanya hivyo katika madarasa mengi, na walimu walioniambia kwamba wasichana "hawapendi kompyuta" wameitazama karatasi ile wakanyamaza, maana msichana aliyekabidhiwa daftari kwa sababu ana mwandiko mzuri hajapata nafasi ya kuipenda kompyuta wala kuichukia.

Kauli hiyo ya "hawapendi" ndiyo inayonisikitisha kuliko zote, kwa kuwa inamwondolea mwalimu wajibu na kumbebesha mtoto. Hesabu na mkono wako pia. Mvulana akikwama, wewe humwambia afikiri tena. Msichana akikwama, wewe huinama begani kwake, ukashika kipanya na kuimaliza kazi mwenyewe. Unadhani umemsaidia, kumbe umemnyang'anya zoezi lake.

Kipindi cha peke yao kinaweza kuwafaa wale ambao hawajawahi kugusa kibodi, lakini wakirudi kwenye darasa lisilo na zamu watarudi pia kwenye daftari. Wanafunzi 5 kwa kompyuta moja, kipindi cha dakika 40: kila mmoja ana dakika 8, na asiye na zamu aelekeze kwa mdomo tu. Baada ya wiki chache, wape wanafunzi wenyewe karatasi yako waijadili, wavulana wakiwemo.

Kuhusu wahamasishaji, niseme wazi. Wako wanaozunguka na semina za siku moja na vyeti, wakiwaeleza walimu kwamba ubongo wa msichana haukuumbiwa mashine, ilhali waandaaji wa kwanza wa programu za ENIAC, kompyuta iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, walikuwa wanawake 6, waliopanga nyaya na swichi zake kwa mikono yao. Shule isimlipe mwezeshaji yeyote ambaye hajaomba kwanza kuketi nyuma ya darasa, kipindi kizima, akitazama mikono.