Kwa wewe unayekabidhiwa kipindi cha asubuhi

Watangazaji wapya huniuliza siri ya sauti. Nimekalia kiti cha asubuhi miaka 17, na ningependa mniulize kwanza nalala saa ngapi. Saa 3 usiku. Harusi nimezikosa nyingi, na matokeo ya mechi nimeyajua nikiyasoma hewani. Mwaka wa kwanza nilijidanganya kwamba usingizi ni deni la kulipa Jumamosi. Siku hiyo nalala hadi mchana, Jumapili usiku nakodolea macho dari, Jumatatu naingia studio nikiwa nusu mtu. Amka saa ileile hata siku ya mapumziko. Na kahawa ya alasiri iache, maana hata baada ya saa tano hivi, karibu nusu ya nguvu yake bado imo mwilini.

Ukiamka saa 9 usiku, sauti nayo bado imelala. Lile besi la alfajiri linatokana na nyuzi za sauti kuvimba kidogo usiku. Usilipende, linaondoka katikati ya taarifa ya habari. Kunywa maji, vumisha midomo ikiwa imefungwa ukiwa njiani, na usisafishe koo kwa kukohoa. Inachubua.

Haya, tuje kwenye jambo lenyewe: saa. Mtu wa asubuhi hakai akakusikiliza. Anavaa, anatafuta kiatu kimoja, anagombana na mtoto, nawe uko pembeni unamhesabia dakika. Ameshajipangia kwamba wimbo wa pili baada ya habari ukiisha, anatoka. Hili nililielewa siku niliyokosea. Kompyuta ilionyesha 6:50, yaani saa moja kasoro dakika kumi. Mimi, kichwa kizito, nikatangaza saa mbili kasoro dakika kumi. Simu zikaanza kulia. Mama mmoja alikuwa amemtoa mtoto mbio, hajala, nywele nusu zimechanwa. Hakunitukana. Alisema tu, "Kaka, mimi saa sina, nina wewe."

Tangu siku hiyo, chini ya saa ya studio nimebandika karatasi: 5 ni kumi na moja, 6 ni kumi na mbili, 7 ni moja. Vijana wakiiona hucheka. Wacheke.

Kutokana na hilo utajua pia kwa nini tunarudiarudia. Utajihisi kasuku, umetaja saa na jina la kituo mara kumi, lakini aliyewasha redio sasa hivi ndiyo mara yake ya kwanza, na baada ya dakika chache atakuwa ameondoka. Kwa hiyo usiseme "kama nilivyosema awali"; hakuwepo. Usimwekee kitu kizuri mwisho wa kipindi kana kwamba atakusubiri. Na mwite "wewe". Ukisema "nyote mnaotusikiliza", mtu aliye peke yake jikoni anageuka kutafuta hao wengine.

Simu za wasikilizaji: studio nyingi zina mtambo wa kuchelewesha sauti sekunde chache ili tusi likatwe kabla halijatoka. Jua kitufe kilipo kabla ya kupokea simu ya kwanza, na umwombe fundi mitambo akuache ukijaribu.

Ipo pia hofu ya kupoteza kiti, ambayo huwafanya wengine wakatae hata likizo. Mtangazaji Terry Wogan aliacha kipindi cha asubuhi cha BBC Radio 2 kule Uingereza mwaka 1984, akarudi 1993, akatangaza hadi 2009. Nenda likizo.

Kesho fika mapema zaidi ya ulivyoambiwa. Kaa, vaa visikizi, fungua maikrofoni ikiwa haiko hewani, kisha jitikise kidogo. Kile kiti kinalia upande wa kushoto, nimeomba kitiwe mafuta tangu mwaka juzi.