Je, aliyekombolewa akingali hai bado anauona ulimwengu?

Ndugu uliyeuliza, swali lako ni hili: ikiwa Advaita, falsafa ya Kihindu ya kutokuwapo kwa uwili, inafundisha kwamba Brahman, yaani uhalisi wa mwisho, pekee ndiyo halisi na kwamba ulimwengu huu wa vitu vingi ni maya, yaani mwonekano usio halisi, mtu aliyefikia moksha, yaani ukombozi, akingali hai anaona nini anapofumbua macho? Umeongeza maneno ya mwenye hekima Yajnavalkya kwa mkewe Maitreyi katika Brihadaranyaka Upanishad, andiko la kale la Kihindu, kwamba pale kila kitu kinapokuwa Nafsi yenyewe, mtu atamwona nani, na kwa kitu gani. Niliyasoma maandiko haya nikiwa mwanafunzi Mysuru, kusini mwa India, kwa mwalimu mzee aliyetupitisha katika ufafanuzi wa Shankara, mwanafalsafa mkuu wa Advaita, mstari kwa mstari, na jambo hili ndilo tulilobishania kuliko mengine yote.

Chanzo cha utata, kwa maoni yangu, ni mfano wa kamba na nyoka. Wengi huingia katika Advaita kwa mfano huo mmoja: gizani mtu anaiona kamba akidhani ni nyoka, taa inaletwa, nyoka anatoweka. Ukiutegemea peke yake, utahitimisha kwamba maarifa yakija, milima na majirani nao watatoweka. Wanazuoni wa Advaita, hata hivyo, wana mfano mwingine. Ua jekundu likiwekwa nyuma ya jiwe angavu, jiwe huonekana jekundu. Ukielezwa kwamba wekundu ni wa ua unakubali bila shaka yoyote, na bado macho yanaendelea kuuona wekundu huo maadamu ua halijaondolewa. Kilichoondoka ni hukumu yako kwamba jiwe ni jekundu, si mwonekano wake.

Kwa aliyekombolewa, kinachoshika nafasi ya ua ni prarabdha, yaani sehemu ya karma (matendo na matokeo yake) iliyokwisha kuanza kuzaa matunda, ambayo ndiyo iliyouleta mwili huu. Katika ufafanuzi wake wa Brahma Sutra 4.1.15, kitabu cha msingi cha mafundisho haya, Shankara anaeleza kwamba maarifa huiteketeza karma iliyolimbikizwa ambayo haijaanza kuzaa, ila ile iliyokwisha kuanza huendelea mpaka nguvu yake iishe, kama gurudumu la mfinyanzi lililokwisha kusukumwa. Papo hapo anamtaja mgonjwa wa macho ambaye angani huona mwezi mmoja kuwa miwili, hata baada ya kujua kwamba ni mmoja. Kwa hiyo jibu fupi la swali lako ni ndiyo, anauona. Maji yanaendelea kumkata kiu na moto kumuunguza, kwa kuwa katika ngazi ya maisha ya kila siku, ambayo Advaita huiita vyavaharika, mambo hayabadiliki. Asichokuwa nacho tena ni imani kwamba anachokiona kina uhalisi wake chenyewe, uliotengana na Brahman.

Darasani kwetu walikuwapo wageni waliokuja India wakitafuta samadhi, yaani hali ya tafakuri ya kina, ambamo hakuna kinachoonekana wala kusikika, nao waliamini kwamba hiyo ndiyo moksha. Mwalimu aliwajibu kwa maneno ya Gaudapada, mwalimu wa Advaita aliyemtangulia Shankara, ambaye katika Karika ya Mandukya, beti zake juu ya Mandukya Upanishad, anasema kwamba usingizi mzito na turiya (hali ya nne, inayopita kukesha, ndoto na usingizi) vinafanana kwa jambo moja, kwamba katika hali zote mbili uwili hautambuliki. Tofauti ni kwamba usingizini mbegu ya kutojua imebaki, na katika turiya haimo. Kama kutouona ulimwengu kungekuwa ndio ukombozi, kila alalaye fofofo angekombolewa usiku na kufungwa tena alfajiri. Baadhi yao hawakulipenda jibu hilo, nami naelewa kwa nini, maana mtu aliyevuka bahari kutafuta hali ya ajabu hafurahi kuambiwa kwamba hali zote, hata za ajabu, huja na kupita. Bhagavad Gita 5:8-9 nayo iko upande wa mwalimu: mjuzi anaona, anasikia, anagusa, anakula na kutembea, huku akijua kwamba yeye hatendi lolote.

Usidhani, hata hivyo, kwamba wanazuoni wote waliridhika. Mwanazuoni wa Advaita Mandana Mishra, katika kitabu chake Brahmasiddhi, hakubali kwamba maarifa yateketeze karma nyingine na kuiacha hii moja. Kwake yeye, kinachoubakiza mwili kwa muda ni alama tu iliyoachwa na mazoea, kama mtu anavyoendelea kutetemeka ingawa amekwisha kuona kwamba nyoka ni kamba. Waliofuata walizungumzia avidyalesha, mabaki kidogo ya kutojua, nadharia ambayo mimi naiona dhaifu, kwa sababu ni vigumu kueleza jinsi nuru inavyoweza kufukuza giza lote isipokuwa kipande. Nguvu ya Shankara iko kwingine: mwishoni mwa ufafanuzi wake wa Brahma Sutra 4.1.15 anasema jambo hili si la kubishaniwa, kwani nani awezaye kumkanushia mwenzake maarifa anayoyajua moyoni mwake pamoja na mwili anaoendelea kuubeba?

Nilipofika Tiruvannamalai, kusini mwa India, katika ashramu (makazi ya kiroho) ya mwalimu Ramana Maharshi (1879–1950), niliielewa hoja hiyo vizuri zaidi. Mtu ambaye wafuasi wake humhesabu kuwa aliyekombolewa akiwa hai alikuwa akikata mboga jikoni, akisoma magazeti, na katika miaka yake ya mwisho alifanyiwa upasuaji mara kadhaa kwa sababu ya uvimbe wa saratani mkononi, huku wageni wakiendelea kuja kumwona. Hakuna namna ya kuyafanya hayo bila kuuona ulimwengu.

Yabaki maneno ya Yajnavalkya. Soma mistari inayoyatangulia na utaona kwamba ametoka kumwambia Maitreyi kwamba baada ya kuondoka hakuna tena utambuzi, kauli iliyomfadhaisha hata akaomba ufafanuzi. Wapo wanaoyachukua maneno hayo kuwa yanahusu kila hali ya maarifa. Mimi nayasoma kwa muktadha huo, kwamba yanamhusu mjuzi ambaye prarabdha yake imekwisha na mwili umeanguka, wakati ambapo hakuna tena jicho, chombo wala mtazamaji wa kuulizwa anaona nini.