Kinachomrudisha Mzamiaji Juu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Ni kitu gani kinachomlazimisha mtu kuvuta pumzi hata anapojizuia?" Mimi nimekulia Sahare, Tanga, miongoni mwa watu wanaozamia pweza kwa pumzi zao wenyewe, bila mtungi, na kwetu jibu la siku zote ni kwamba hewa imekwisha kifuani. Nawaheshimu sana wazee wetu wa bahari, lakini jibu hilo si sahihi, na kosa lake laweza kumtoa mtu roho.

Mapafu hayana msuli wake wa kuyatanua. Hutanuliwa na diaframu, msuli mpana uliowambwa chini yake mfano wa ngozi ya ngoma, ikisaidiwa na misuli iliyo kati ya mbavu. Diaframu inaposhuka na mbavu zinapoinuka, kifua hupanuka, shinikizo la hewa iliyomo ndani hupungua, na hewa ya nje huingia kwa kupitia pua, koo na bomba la hewa, ambalo hugawanyika matawi, na matawi hayo vitawi, hadi kuishia kwenye vifuko vidogo mno ambavyo kwa mtu mzima hufikia mamia ya milioni. Kuta za vifuko hivyo ni nyembamba kiasi kwamba oksijeni hupenya na kuingia katika damu, huku kabonidayoksaidi ikitoka. Katika kupumua kwa kawaida, hewa tunayoivuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, na tunayoitoa bado inayo kama asilimia 16. Hivyo anayeanza kuhisi kifua kikimbana hajaishiwa.

Kinachomshurutisha hasa ni kabonidayoksaidi. Inapolimbikizana, damu huzidi asidi, na sehemu ya chini ya ubongo, karibu na unapoungana na uti wa mgongo, hulitambua badiliko hilo na kuiamuru diaframu ikaze, mwenyewe apende asipende. Upungufu wa oksijeni nao hutoa ishara, ila ishara hiyo ni hafifu na aghalabu huchelewa.

Hapo ndipo ninapohofia vijana wetu. Wengi, kabla ya kuzama, huhema harakaharaka mara nyingi wakiamini kwamba wanajaza akiba. Damu ya mtu mwenye afya tayari imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kuibeba, kwa hiyo kinachoongezeka ni kidogo sana. Kinachopungua ni kabonidayoksaidi, yaani ile kengele yenyewe. Kijana hukaa chini ametulia, haoni dhiki yoyote, na oksijeni inazidi kushuka. Anapopanda, uzito wa maji juu yake hupungua, shinikizo la oksijeni iliyobaki mapafuni huanguka ghafla, naye huweza kuzimia akiwa amebakiza mita chache tu kufika juu.

Ninapozamia na wadogo zangu, tunavuta pumzi za kawaida mbili tatu, kisha mmoja anashuka na mwingine anabaki juu, macho hayamwachi mwenzake mpaka aibuke na kupumua vizuri mara kadhaa, kwa kuwa aliyezimia majini hapigi kelele wala hatapatapi.