Maswali ya Wasomaji: Sukari, bei elekezi na meli ya Ukerewe

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka la rejareja Nansio, kisiwani Ukerewe. Mfuko wa sukari wa kilo 50 nanunua Mwanza mjini kwa shilingi 140,000. Mkokoteni, meli na bodaboda ni 4,000. Mkoa mzima ukipangiwa bei elekezi ya 2,900 kwa kilo, mimi nabaki na nini? Na mbona bei ikishapangwa tu, sukari inaadimika?

JIBU: Tupige hesabu. Ukipima robo na nusu, nusu kilo hivi itapotea kwa kumwagika na kuzidisha kidogo. Vifungashio tuseme 500. Umetoa 144,500, umeuza kilo 49.5, umepata 143,550. Hasara ni 950 kwa mfuko, na kodi ya pango hujailipa. Mwenzako wa Kirumba, Mwanza mjini, asiye na zile 4,000 za usafiri, anabaki na 3,050.

Hapo sukari inabaki Kirumba. Shilingi mia hivi ya ziada kwa kilo anayolipa mteja wa Nansio ndiyo inayoipandisha melini. Ukiifuta kwa tangazo, mwenye mzigo hana sababu ya kuvuka ziwa. Mwanauchumi Friedrich Hayek alilieleza hili mwaka 1945: bei hubeba taarifa ambazo ofisi moja haiwezi kuzikusanya, na nauli ya kisiwani ni mojawapo.

Mwaka 2016 kuagiza sukari nje bila kibali kulizuiwa, na bei ikapangwa 1,800 kwa kilo. Uzalishaji wa ndani haukutosha mahitaji. Sukari ikaadimika, iliyopatikana ikauzwa juu ya bei hiyo, na maghala yakaanza kupekuliwa. Tunaona tatizo lilikuwa kibali, kwa sababu msako hauongezi hata gunia moja. Hata msako wa walanguzi wa 1983 haukujaza maduka. Bidhaa zilianza kurudi 1984, watu waliporuhusiwa kuagiza kwa fedha zao.

Lakini bei ikishatangazwa kisheria, usiivuke, wala usimlazimishe mteja anunue na unga ndipo umuuzie sukari. Tunza risiti za mzigo na za nauli, umpelekee afisa biashara wa wilaya mchanganuo wa gharama kwa kilo, uombe bei ya visiwani itenganishwe.

SWALI: Basi na mizani isikaguliwe?

JIBU: Ikaguliwe. Bei haina maana kama kilo si kilo. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi 1994, ubora ulishuka: wengine walitia maji na mchanga ili uzito upande, na wanunuzi waliogombania mzigo hawakupanga tena madaraja ya ubora. Mizani yako ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka, stika ikae upande wa mteja.