Kondomu hataki, na chumba analipa yeye

SWALI: Mama, nauza chai na chapati kwenye foleni ya malori hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kuna dereva anayenilipia chumba. Kondomu hataki hata kuisikia, anasema namdharau. Wahamasishaji wa afya wakija nasikiliza, naitikia, lakini mwisho wa mwezi mwenye nyumba anataka pesa yake. Nifanyeje?

JIBU: Binti yangu, sitakukemea. Nilikuwa mjane mwenye watoto watatu, nikiuza samaki Busia, na yule aliyenipa mtaji nilimwogopa kuliko VVU. Ndiyo maana naanza na kinga ambayo iko mkononi mwako, si mwake.

Nenda kituo cha afya cha serikali upimwe. Ukikutwa huna virusi, omba PrEP, dawa ya kujikinga na VVU kabla hujaambukizwa. Ni kidonge kimoja kila siku, bure, na huhitaji ruhusa ya mwanamume. Meza angalau siku 7 mfululizo ndipo kikukinge vizuri, kwa hiyo usingoje mpaka lori limefika mpakani. Siku za mwanzo huenda ukasikia kichefuchefu, kitapita. Chupa yake hulia ukitembea nayo, na wenzetu wengi waliacha dawa kwa ajili ya mlio huo tu. Jaza pamba ndani, itanyamaza. Lakini kidonge hakizuii kaswende wala mimba, kwa hiyo kondomu usiitupe. Na ukilazimishwa, kimbia kituoni kabla ya saa 72 kwisha wakupe PEP, dawa ya dharura ya kuzuia VVU, utakayoimeza siku 28. Ukikutwa na virusi, utaanzishiwa ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, nazo ni bure vilevile.

Sasa kodi. Sisi wauza samaki tulinunua sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo tukawapa wanawake watatu tofauti, asiweze mmoja kulifungua peke yake. Kila Jumamosi tuliweka shilingi 2,000. Mkopo wangu wa kwanza kutoka sanduku hilo ulikuwa 60,000, nikanunua mukene, yaani dagaa, bila kumpigia mtu magoti. Jioni ile yule aliyenipa mtaji alipokuja nilimwambia: bila kondomu, hapana. Aliondoka, hakurudi tena. Nisikufiche, mwezi ule tulikula mukene mchana na usiku, na usiku mwingine nililia. Kodi nililipa mwenyewe, tarehe 3.

Zungumza na wenzako wawili wanaochoma chapati karibu nawe. Watatu mnatosha kuanzisha sanduku lenu. Kituoni nenda wiki hii hii, hata kabla sanduku halijapatikana.