Jibu: Kupunguza kazi ya kuhama kutoka z/OS 2.5 kwenda 3.1

Ndugu, umeuliza kama bado kipo kitabu cha uhamiaji cha kufuata ukurasa kwa ukurasa unapotoka toleo la 2.5 la z/OS, mfumo endeshi wa kompyuta kuu za IBM, kwenda 3.1. Kitabu hicho kiliachwa kuanzia toleo la 2.4, na nafasi yake ikachukuliwa na mtiririko wa kazi unaoendeshwa ndani ya z/OSMF (zana ya kusimamia z/OS kupitia kivinjari), ambao hatua zake za mwanzo huuchunguza mfumo wako na kubaini vipengele unavyovitumia, ili hatua zisizokuhusu zirukwe. Kwa maoni yangu, hapo ndipo nafuu kubwa ilipo. Endesha uchunguzi huo katika kila mfumo, si mmoja tu, kwani mipangilio hutofautiana.

Kabla ya hapo, shughulikia viraka (marekebisho ya programu). Katika SMP/E (zana ya kuweka programu na viraka kwenye z/OS), pokea HOLDDATA mpya (taarifa za IBM kuhusu viraka vyenye matatizo au masharti maalumu) kisha tumia amri ya REPORT MISSINGFIX pamoja na kategoria za FIXCAT (makundi ya viraka kulingana na lengo lake); utaorodheshewa viraka vinavyokosekana, vikiwemo vile ambavyo lazima viwekwe kwenye mifumo ya zamani ili iweze kushirikiana na toleo jipya. IBM huruhusu matoleo matatu yanayofuatana kukaa katika Sysplex moja (kundi la mifumo ya z/OS inayofanya kazi kwa pamoja), kwa hiyo unaweza kupandisha mfumo mmoja baada ya mwingine huku huduma zikiendelea.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni ukaguzi wa uhamiaji katika Health Checker (sehemu ya z/OS inayokagua mipangilio ya mfumo), ambao majina yake huanza na ZOSMIG: kwa kawaida huwa umezimwa, basi uwashe mapema, ukiwa bado kwenye 2.5.