Majani ya mnili hayachemshwi, yanarowekwa

Dada, umesema ulichemsha majani ya mnili, mmea wa kutengenezea rangi ya buluu, ukapata maji ya kahawia, na leso ulipoifua rangi yote ikatoka. Moto ndio uliokuharibia. Jani lenyewe halina buluu. Lina indikani, kitu kisicho na rangi, ambacho vimeng'enya vya jani, yaani vitu vya asili vinavyovunja vingine, hukivunja kwenye maji, kisha hewa ikaleta buluu. Ukichemsha, vimeng'enya vinakufa.

Chuma majani mabichi, yajaze kwenye ndoo, mimina maji yayafunike, uyakandamize kwa jiwe. Kwa joto letu la Mombasa, kagua kuanzia kesho yake, maana yakioza mno rangi hupotea. Ukiona maji ni kijani-manjano na juu pana utando unaong'aa kama shaba, toa majani.

Sasa vaa glavu, koroga chokaa kidogo kwa maji, utie. Halafu mimina maji toka ndoo hii hadi ile, kwa juu, tena na tena. Povu litakuwa buluu, kisha litafifia. Tafadhali usiharakishe hapa, wengi huachia njiani. Acha yatuame usiku kucha, mwaga maji ya juu, chuja tope kwa kitambaa cha pamba.

Tope hilo haliyeyuki kwa maji matupu. Lichanganye na chokaa na maji ya tende zilizochemshwa, weka penye joto hadi maji yawe manjano-kijani. Leso iwe ya pamba tupu, uichovye humo. Itatoka ya kijani, usishtuke. Ianike, hewa itaigeuza buluu.